Kabla ya kununua hedifoni, jua sauti itavujia wapi

Mteja anayeingia dukani Kampala kuulizia hedifoni huulizwa kwanza ana kiasi gani, kisha huulizwa kama anataka za waya au za Bluetooth. Maswali hayo yana maana, lakini hata akiyajibu yote mawili bado hajajua kama anachokwenda kukilipia kitamfaa. Hedifoni nzuri mno ya kusikilizia nyumbani huharibu rekodi ikivaliwa mbele ya maikrofoni. Ile ambayo mtangazaji wa redio hathubutu kuingia hewani bila yake humchosha mtu aliyetaka kujilaza jioni na kusikiliza albamu nzima. Na iafoni, ile ndogo ya kuingia sikioni, inayomfurahisha abiria wa basi la Arua haimwambii mtu wa studio ukweli kuhusu besi aliyoirekodi.

Swali linalotangulia hayo yote ni hili: sauti itavuja kutoka wapi kwenda wapi, na ikivuja itamsumbua nani? Ukilijibu hilo, nusu ya hedifoni zilizo kwenye rafu zinajiondoa zenyewe.

Upande wa nyuma wa kispika

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni mna kispika kidogo chenye utando mwembamba. Utando ukienda mbele unasukuma hewa kuelekea sikioni, na papo hapo unavuta hewa iliyo nyuma yake. Kwa hiyo kila hedifoni hutoa sauti pande mbili, na mtengenezaji lazima aamue ile ya nyuma aipeleke wapi.

Akiziba kikombe kwa plastiki ngumu, anapata hedifoni ya kufungwa. Kelele za nje hupungua, na aliyekaa karibu nawe hasikii unachosikiliza. Tatizo ni kwamba sauti ya nyuma hugonga ukuta wa kikombe, na sehemu yake hurudi sikioni ikiwa imechelewa kidogo. Ndiyo sababu hedifoni nyingi za kufungwa za bei ya chini huwa na besi inayovuma kama debe tupu, kila wimbo ukipata mvumo uleule.

Akiacha nyuma wazi, akaweka wavu tu, sauti hutoka ikaenda zake. Haina ukuta wa kugonga, na muziki husikika kama uko chumbani badala ya kukaa katikati ya fuvu. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kuuza hedifoni za namna hii mwaka 1968, modeli HD 414, na mpaka leo hedifoni nyingi zinazosifiwa na wapenzi wa muziki ni za wazi. Lakini wazi ni wazi kwelikweli: boda boda inayopita barabarani utaisikia kama hujavaa kitu, na mwenzako aliyelala pembeni ataufuata wimbo neno kwa neno.

Zipo pia za nusu wazi, kama AKG K240 ambayo bado huonekana katika studio nyingi. Zinavuja kiasi cha kutosha kuingia kwenye maikrofoni, na hazina upana wa zile za wazi kabisa. Zinafaa kwa kazi ya kuchanganya sauti kwenye chumba kimoja na mwimbaji aliyekaa mbali, na kwa mengine machache.

Nyumbani

Kama una chumba tulivu na huna wa kumsumbua, chukua za wazi. Masikio hayatoki jasho upesi, kichwa hakibanwi, na unaweza kusikiliza saa mbili tatu bila kuchoka. Lakini pima utulivu wa nyumba yako kwa saa utakazosikiliza, si kwa saa utakazokwenda dukani. Nyumba ya Kampala iliyo kimya saa nne asubuhi inaweza kuwa na jenereta ya jirani, mahubiri ya vipaza sauti na mvua inayopiga mabati saa mbili usiku. Mvua ya mabati peke yake inatosha kukufanya uongeze sauti hadi kiwango kinachoumiza masikio. Anayeishi chumba kimoja na familia hana budi kuchukua za kufungwa, na hilo si pungufu. Atafute tu zenye mito mipana inayolizunguka sikio lote badala ya kulikandamiza.

Mito hiyo ndiyo sehemu ambayo wanunuzi huidharau, na ndiyo inayoamua besi. Sauti nzito huhitaji hewa iliyofungiwa kati ya kispika na sikio. Ukiwepo mwanya mdogo tu, besi hutoroka kabla ya kufika. Mkono wa miwani unatosha kuleta mwanya. Nywele zilizosukwa kwa mikunjo minene huinua mto pembeni, na mtandio ulioteleza kati ya mto na ngozi hufanya vivyo hivyo. Mtu anasema hedifoni haina besi, anairudisha dukani, kumbe mto haujakaa. Jaribu hivi: cheza wimbo wenye gitaa la besi, kisha bonyeza vikombe taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka sana, una mwanya. Vaa mtandio mwembamba uliovutwa vizuri bila mikunjo, au chagua hedifoni yenye mito laini ya kina kirefu inayojaza nafasi.

Mito ya ngozi bandia huziba vizuri lakini huleta joto, na unyevunyevu na jasho huitafuna mpaka inamenyeka vipande vyeusi vinavyobaki shingoni. Ya kitambaa cha mahameli hupoza sikio, ila huachia besi kidogo. Kabla hujanunua, uliza kama mito ya modeli hiyo inauzwa peke yake. Hedifoni isiyo na mito ya akiba ina umri wa mito yake: sponji ikishalala, kispika kinalisogelea sikio na sauti inabadilika, hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Namba za kwenye boksi

Boksi litakuambia "20 Hz – 20 kHz". Usiipe namba hiyo uzito. Inasema kwamba hedifoni inatoa kitu fulani kuanzia hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde, sauti nzito kabisa) hadi 20,000, haisemi inatoa kwa kiasi gani. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne una hezi 41 hivi. Hedifoni inaweza kuahidi hezi 20 na bado uzi huo ukasikika hafifu.

Namba mbili zenye maana ni ukinzani, yaani jinsi hedifoni inavyozuia umeme kupita, unaopimwa kwa omu, na wepesi wa kuitikia, unaopimwa kwa desibeli kwa kila miliwati moja. Mfano mzuri ni Beyerdynamic DT 770 Pro, inayouzwa kwa ukinzani wa omu 32, 80 na 250. Kwa macho zinafanana, lakini hazifai kuchomekwa mahali pamoja. Chukua kifaa kinachoweza kutoa volti 1, na hedifoni inayotoa desibeli 96 kwa miliwati moja. Kwenye omu 250 volti hiyo inazaa miliwati 4, yaani desibeli 102 mwisho kabisa. Kwenye omu 32 inazaa miliwati 31, yaani desibeli 111. Tofauti ni desibeli 9, na sikio huihesabu kuwa karibu mara mbili ya ukubwa wa sauti. Simu nyingi hazifiki hata hiyo volti 1.

Kwa hiyo: simu na kompyuta ya mkononi, omu 16 hadi 50. Kadi ya sauti ya studio (kifaa kinachounganisha maikrofoni na kompyuta), omu 32 hadi 80 kwa raha. Omu 250 au 300 mnunulie mtu mwenye amplifaya ya hedifoni. Bila hiyo atazungusha kitufe mpaka mwisho na muziki wenye utulivu utabaki mbali. Ukinzani mkubwa si dalili ya ubora. Ni habari ya kifaa gani kitaendesha hedifoni hiyo.

Njiani

Safarini adui ni kelele za nje, nazo ni za aina mbili. Ngurumo ya injini ya basi, mvumo wa ndege inayopaa Entebbe, jenereta: hizi ni sauti nzito zinazojirudia. Kondakta anayeita abiria, honi, mtoto anayelia: hizi ni sauti za ghafla na za juu.

Hedifoni zenye mtambo wa kuzima kelele huwa na maikrofoni ndogo zinazosikiliza kelele ya nje, kisha hutengeneza wimbi lililo kinyume chake ili mawili yauane. Hilo linafanikiwa kwenye sauti nzito, chini ya hezi 1,000 hivi, kwa sababu mawimbi yake ni marefu na mtambo unapata muda wa kuyawahi. Kondakta na honi havizimwi na mtambo bali na plastiki na mpira unaoziba sikio. Ndiyo maana anayenunua za kuzima kelele akitegemea kimya cha ofisini hukasirika: injini imepotea, lakini maneno ya watu sasa yanasikika waziwazi zaidi kuliko mwanzo. Kwenye upepo maikrofoni hizo huvuma zenyewe, kwa hiyo mtambo uzimwe.

Iafoni ya kuingia sikioni yenye mpira uliokaa sawasawa hukinga kelele vizuri bila betri yoyote. Kinachowashinda wengi ni saizi. Boksi huja na mipira mitatu, na ile ya kati hubandikwa kiwandani, wengi hawabadilishi. Vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili ukiupitisha juu ya kichwa, ingiza iafoni, achia. Ukiisikia sauti yako mwenyewe ikivuma ndani ya kichwa unapoongea, imeziba. Ikiwa haivumi, jaribu mpira mkubwa zaidi, na usishangae sikio la kulia likihitaji saizi tofauti na la kushoto.

Kuziba huku kuna faida inayozidi raha. Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kuwa kiwango salama kwa mtu mzima, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 92 ni saa mbili na nusu kwa wiki nzima. Anayesikiliza ndani ya taksi kwa iafoni isiyoziba hushindana na injini, akapandisha sauti bila kujua. Kipimo cha haraka: weka sauti unayoipenda ukiwa chumbani kimya, itazame namba yake, na ukiwa njiani usiivuke sana.

Ukipanda boda boda au ukivuka barabara, vua. Zaidi ya gari usilolisikia, hedifoni ya juu ya sikio haiingii ndani ya helmeti, na helmeti iliyoketi juu yake haikulindi kichwa.

Kuhusu Bluetooth, watu hubishana sana juu ya kodeki, yaani namna ya kubana sauti ili isafiri hewani. SBC ndiyo iliyo katika kila kifaa, AAC hutumika kwenye iPhone, LDAC ya Sony hufika kilobiti 990 kwa sekunde hali ya mawimbi ikiwa nzuri. Ndani ya taksi hutaisikia tofauti hiyo. Utakayoisikia ni nyingine: mara tu maikrofoni ya hedifoni ya Bluetooth inapowashwa, kwa simu au mkutano wa mtandaoni, kifaa huhamia kwenye njia ya mazungumzo, na muziki hugeuka kuwa finyu, wa upande mmoja, kama wa simu ya zamani. Haijaharibika. Chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe katika mipangilio na ubora utarudi.

Kwenye kurekodi

Hapa ndipo makosa yanapogharimu zaidi, kwa sababu kilichovuja kikaingia kwenye maikrofoni hakitolewi tena.

Mwimbaji husimama sentimita 15 hivi kutoka kwenye maikrofoni nyepesi kusikia, amevaa hedifoni inayompigia ala na kliki ya kuhesabia mapigo. Hedifoni ikiwa ya wazi, kliki inaingia kwenye rekodi ya sauti yake. Kwenye kiitikio chenye ngoma huisikii. Kwenye mstari wa mwisho, gitaa likinyamaza na sauti ikibaki peke yake, tik-tik-tik inaonekana uchi. Hedifoni ya kufungwa ndiyo jibu, na ndiyo sababu Sony MDR-7506 ya mwaka 1991 na Audio-Technica ATH-M50x zimeenea kwenye studio na vituo vya redio: zimefungwa, zina omu 63 na 38, na hazilii njaa ya umeme.

Hata hivyo ya kufungwa nayo huvuja ikivaliwa vibaya. Waimbaji wengi husogeza kikombe kimoja nyuma ya sikio ili wajisikie. Kikombe kile kilichoachwa wazi ni spika iliyoelekezwa kwenye maikrofoni. Usimkataze, maana wengi huimba kwa usahihi zaidi hivyo. Mpe sauti upande mmoja tu na uuzime ule mwingine kabisa, au kibandike kikombe kilichobaki kwenye fuvu nyuma ya sikio kisiwe na mwanya. Badilisha pia mlio wa kliki. Kliki kali ya juu hupenya kila kitu. Mlio mzito wa kugonga ubao hauvuji sana kama huo. Na ikate kabisa kwenye mstari wa mwisho wa wimbo.

Kiwango cha sauti masikioni hubadilisha uimbaji wenyewe. Ala zikiwa juu mno, waimbaji wengi huteremka chini ya noti bila kujua na kuanza kupiga kelele. Kabla ya kumlaumu mwimbaji, punguza ala na umwongezee sauti yake mwenyewe.

Kisha kuna kuchelewa. Sauti ya mwimbaji huingia kwenye kompyuta na kumrudia masikioni, na safari hiyo ina muda wake. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu ya vipande vidogo viitwavyo sampuli, na fungu moja ndiyo bafa. Bafa ya sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ni milisekunde 5 na kidogo kwa kwenda peke yake. Ya 1,024 ni 21, na hapo mwimbaji anaanza kuburuta mapigo. Teremsha bafa hadi 128 wakati wa kurekodi, au tumia kitufe cha kadi ya sauti kinachompelekea sauti yake moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Bluetooth usiitaje. Huchelewesha milisekunde 200 hivi, sawa na kumsikiliza mpiga ngoma aliyesimama mita 68 kutoka kwako. Hakuna awezaye kuimba na mtu huyo.

Waimbaji wawili wakihitaji kusikia pamoja, usigawanye tundu moja kwa waya wa matawi mawili. Hedifoni mbili za omu 32 zikigawana tundu, kadi inaona omu 16 na huenda ikaanza kukwaruza. Na zikiwa za aina tofauti, mmoja atalia haisikiki huku mwingine akilia inapasua. Amplifaya ndogo ya matundu manne, kila tundu na kitufe chake, humaliza ugomvi huo.

Kurekodi ala za asili nje ya studio kuna mtego wake. Ukisimama karibu na engoma kubwa au embaire ya Busoga, ile marimba kubwa ya mbao, sauti hupita kwenye kikombe na kwenye mifupa ya kichwa hata ukivaa hedifoni iliyofungwa namna gani. Unadhani unasikia maikrofoni, kumbe unasikia ngoma yenyewe. Hakuna hedifoni inayotatua hilo. Rekodi sekunde 30, ondoka hatua nyingi au ingia ndani ya gari, sikiliza, rudi uhamishe maikrofoni. Rudia mpaka iwe sawa.

Mwandishi wa habari anayefanya mahojiano avae hedifoni ya kufungwa kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Kinachoharibu mahojiano mara nyingi ni kitu ambacho sikio tupu hukipuuza: upepo, vidole vinavyosugua rikoda, na ile brr-brr-brr ya simu inayotafuta mtandao karibu na waya. Simu zote ziwekwe katika hali ya ndege. Ukisikia mvumo usiokoma wakati kompyuta iko kwenye chaji, chomoa chaja. Ukikoma, tatizo ni chaja isiyo na waya wa ardhi, na hedifoni haina kosa.

Kuchanganya sauti ni kazi nyingine tena. Hapo maikrofoni zimezimwa, hakuna cha kuvujia, na hedifoni za wazi zinarudi kuwa na faida. Lakini zina uongo wao. Kwenye spika sikio la kulia husikia pia spika ya kushoto. Kwenye hedifoni halisikii. Gitaa ulilolisukuma kushoto kabisa litaonekana limekaa vizuri, kumbe kwenye spika limetengana na wimbo. Mwangwi mdogo unaosikika vizuri masikioni hupotea chumbani. Besi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hedifoni haitikisi kifua, nawe utaiongeza mpaka spika za taksi zipasuke. Weka kando wimbo mmoja wa kadongo kamu, muziki wa gitaa wa Uganda, uliorekodiwa vizuri, wenye sauti, gitaa na besi tu, uulinganishe na kazi yako kila nusu saa kwa kiwango kilekile cha sauti. Kisha sikiliza kazi yako kwenye spika ya simu na kwenye redio ya gari kabla ya kuitoa.

Fedha ikitosha hedifoni moja tu, na unarekodi hata mara moja kwa mwezi, chukua ya kufungwa yenye omu kati ya 30 na 80, mito inayobadilishika na waya unaochomoka. Utasikilizia nyumbani na utatazamia filamu. Ya wazi haiwezi kufanya kazi ya kurekodi hata ukibembeleza.

Dukani

Nenda na simu yako yenye mafaili yaliyomo ndani. Usitegemee mtandao wala wimbo wa muuzaji, ambao huwa umechaguliwa kwa besi yake. Chukua rekodi ya mtu anayeongea, sauti moja tu. Vaa, funga macho. Sauti inatakiwa ikae katikati ya paji la uso. Ikiegemea upande, kispika kimoja ni dhaifu. Ikiwa pana na haina mahali, kama inatoka nyuma ya kichwa, waya za kispika kimoja zimegeuzwa, iache. Halafu cheza wimbo wa besi kwa sauti ya wastani huku ukikunja waya taratibu karibu na plagi na karibu na kikombe. Ikikwaruza au upande ukikatika, iache pia.

Kasoro moja huwachanganya hata mafundi: ala zinasikika, mwimbaji ametoweka. Waya wa kurudishia, ule unaotumiwa na pande zote mbili, haujagusa. Kispika cha kushoto na cha kulia vinaungana mfululizo, na unachosikia ni tofauti kati ya pande hizo. Mwimbaji yuko sawa pande zote, kwa hiyo anajifuta. Sababu ya kwanza ni plagi isiyoingia mpaka mwisho, mara nyingi kwa sababu ya kava nene la simu au uchafu wa mfukoni ndani ya tundu. Usafishe kwa kijiti cha meno, simu ikiwa imezimwa. Sababu ya pili ni plagi yenye mikanda mitatu meusi, ya hedifoni yenye maikrofoni, iliyopangwa tofauti na simu yako. Ibonyeze kitufe cha kupokelea simu na ukishike. Mwimbaji akirudi, ni hiyo.

Simu isiyo na tundu inahitaji adapta ya USB-C, nazo ziko mbili zinazofanana sura. Moja ina chipu ya kugeuza sauti ndani yake na hufanya kazi karibu kila mahali. Nyingine ni waya mtupu, na kwenye simu nyingi haitoi hata mlio. Ijaribu kwa simu yako mwenyewe kabla ya kutoa pesa.

Waya ukikatika

Mara nyingi hukatika ndani ya sentimita tano kutoka kwenye plagi. Nunua plagi ya chuma, kata waya sentimita tano juu ya plagi ya zamani, na kabla ya lolote pitisha kifuniko cha plagi mpya kwenye waya. Kukisahau ndilo kosa la kila siku, na hugundulika kazi ikishakwisha. Ndani utakuta nyuzi nyembamba zilizopakwa rangi: nyekundu kwa kawaida ni kulia, kijani au buluu ni kushoto, za rangi ya shaba ni za kurudishia. Rangi hiyo ni kinga isiyopitisha umeme, kwa hiyo risasi ya kulehemia haitashika mpaka uichome. Weka ncha ya kifaa cha kulehemia yenye nyuzi joto 380 hivi na tone la risasi mpya, upitishe uzi ndani ya tone hilo kwa sekunde tatu nne mpaka moshi utoke na uzi uwe wa fedha. Kushoto hulehemiwa kwenye ncha ya plagi, kulia kwenye pete ya kati, za shaba zote mbili zikisokotwa pamoja kwenye mwili.

Pima kwa mita kabla ya kufunga kifuniko. Gusa mwili na ncha, kisha mwili na pete. Hedifoni ya omu 32 itaonyesha namba iliyo karibu na 30 pande zote mbili. Sifuri inamaanisha nyuzi zimegusana. Mita isiposoma kitu, uzi haukuchomwa vya kutosha, rudia.